Maili 97 Kabla ya Ncha: Lengo Lilikufa Lini Hasa?

Saa kumi alfajiri ya tarehe 9 Januari 1909, wanaume wanne walitoka kwenye hema lao juu ya uwanda wa barafu wa Antaktika. Hema waliliacha limesimama na sleji, gari la kuteleza juu ya barafu, kando yake. Walichukua bendera, kasha dogo la shaba lenye hati na stempu, na kamera, wakashika njia ya kusini, nusu kutembea nusu kukimbia, kwa muda wa kama saa tano. Walipofika latitudo 88°23' kusini wakachomeka bendera, wakapiga picha, wakachungulia kusini kwa darubini wakaona weupe mtupu. Kisha wakageuka. Ncha ya Kusini ilikuwa imebaki maili 97 za baharini, yaani kilomita 180.

Kiongozi wao alikuwa Ernest Shackleton. Pamoja naye walikuwapo Frank Wild, Jameson Adams na daktari Eric Marshall. Wote wanne walifika nyumbani hai, na ndiyo maana kisa hiki husimuliwa hadi leo kama mfano wa mtu aliyejua kuacha lengo kwa wakati. Husimuliwa hivyo na watu ambao hawajakaa na tarakimu zake. Ukizipanga tarehe, latitudo na posho kwenye karatasi moja, unaona jambo lisilopendeza sana: Shackleton aligeuka tarehe 9 Januari, lakini lengo lenyewe lilikuwa limekufa wiki mbili kabla. Wiki hizo mbili nusura ziwaue.

Mpango kwenye karatasi

Kikosi kiliondoka kambini Cape Royds, latitudo 77°33' kusini, tarehe 29 Oktoba 1908. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini (kilomita 1.852), kwa hiyo umbali wa kwenda Ncha kwa mstari ulionyooka ni maili 747, na kwenda na kurudi ni maili 1,494. Yeyote mwenye kalamu anaweza kuhakiki.

Chakula kilipangwa kwa siku 91. Kila mtu alikuwa na posho ya aunsi 34 kwa siku, karibu gramu 960. Karibu nusu ya hiyo ilikuwa biskuti. Zilizobaki zilikuwa nyama iliyokaushwa, kusagwa na kuchanganywa na mafuta, pamoja na sukari, jibini au chokoleti, shayiri na kakao. Kwa watu wanne na siku 91 jumla inakuja karibu kilo 350. Gawa maili 1,494 kwa siku 91: maili 16.4 kwa siku, kila siku, bila kupumzika wala kuzuiwa na dhoruba.

Wa kuvuta mizigo walikuwa farasi wadogo kutoka Manchuria. Kumi walipakiwa melini, wanane wakashuka hai, na wanne kati ya hao wakafa kabla ya safari kuanza, wengine kwa kula mchanga wa volkano uliokuwa na chumvichumvi. Waliobaki ni wanne, na ndiyo maana kikosi nacho kikawa cha watu wanne. Hapo kuna funzo la kwanza ambalo watu hulipita haraka: chombo cha kufikia lengo kilipungua kwa nusu kabla ya siku ya kwanza, lakini lengo lenyewe halikuguswa. Walipunguza watu, Ncha ikabaki palepale.

Daftari la safari

Chukua vituo vinne ambavyo latitudo zake zinajulikana, kisha jiulize maswali mawili kwa kila kimoja. Mpaka leo tumekwenda kwa kasi gani? Na ili tumalize safari nzima, kwenda na kurudi, ndani ya siku zilizobaki kati ya zile 91, tunahitaji kasi gani?

Siku ya kwanza, 29 Oktoba: inahitajika 16.4.

Siku ya 29, 26 Novemba, latitudo 82°17': wamekwenda maili 284, wastani wa 9.8 kwa siku. Zimebaki maili 1,210 na siku 62. Inahitajika 19.5.

Siku ya 58, Krismasi, latitudo 85°51': wamekwenda maili 498, wastani wa 8.6. Zimebaki maili 996 na siku 33. Inahitajika 30.

Siku ya 70, 6 Januari, latitudo 88°07': wamekwenda maili 634, wastani wa 9. Zimebaki maili 860 na siku 21. Inahitajika 41.

Hesabu hii imerahisishwa. Haihesabu posho waliyookoa kwa kula nyama ya farasi, na haihesabu mizunguko ya njia. Lakini tazama mwelekeo. Safu ya kasi halisi haitikisiki: kumi, tisa, tisa. Safu ya kasi inayohitajika inapanda kila mara. Safu mbili zinapoachana namna hiyo, tena bila kurudiana hata mara moja katika siku 70, huna haja ya kipaji cha kutabiri. Ni sawa na mtu aliyejipangia kukariri maneno 6,000 ya lugha ngeni kwa siku 300. Alihitaji 20 kwa siku, anakariri 9. Siku ya 60 inahitajika 23, siku ya 150 inahitajika 31. Anaweza kujipa moyo kwamba leo amekariri 15, na kweli ni siku nzuri, lakini hata siku yake nzuri haifiki wastani anaodaiwa.

Jambo la kuvutia ni kwamba tarehe yenye hali mbaya kidaftari, 26 Novemba, ndiyo iliyokuwa siku ya shangwe. Latitudo 82°17' ilikuwa rekodi ya kusini iliyowekwa mwaka 1902 na Robert Scott, Edward Wilson na Shackleton mwenyewe. Wakaipita. Rekodi ni kipimo cha umbali kutoka nyuma, nayo haisemi lolote kuhusu kilichobaki mbele. Kwa kipimo cha rekodi walikuwa wanashinda, na kwa kipimo cha posho walikuwa wameshachelewa kwa karibu maili 190.

Socks

Farasi watatu walipigwa risasi mmoja mmoja walipochoka, kama ilivyopangwa, na nyama yao ikazikwa njiani kwa ajili ya kurudi. Wa nne, jina lake Socks, alifikishwa hadi kwenye mto mkubwa wa barafu ambao kikosi kiliugundua na ukaitwa Beardmore. Tarehe 7 Desemba theluji ilivunjika chini yake akatumbukia kwenye mpasuko usioonekana mwisho. Wild alikuwa akimwongoza, akanusurika kwa kushikilia ukingo. Mti wa kufungia hatamu ulikatika, na hiyo ikaiokoa sleji na mizigo yake.

Hesabu ya siku hiyo ina mafungu mawili, na wengi huhesabu moja tu. La kwanza ni nguvu ya kuvuta: kuanzia hapo binadamu wanne walivuta kila kitu wenyewe, kupanda. La pili ni nyama. Socks alikuwa chakula kinachotembea, tayari ameingizwa kwenye mpango, na chakula hicho kiliingia shimoni pamoja naye. Kwa hiyo siku moja mahitaji ya chakula yalipanda na chakula kikapungua.

Kama kuna siku ambayo mpango mzima ulipaswa kufunguliwa na kuandikwa upya, ni usiku wa tarehe 7 Desemba. Pigo la namna hii halina budi kuwa na kanuni iliyokubaliwa kabla: kikipotea chombo kikuu, tunasimama na kuhesabu kutoka sifuri. Bila kanuni, watu hufanya walichofanya hawa, yaani kushukuru kwamba sleji imesalimika na kuendelea.

Krismasi: posho ya wiki iliwe siku kumi

Tarehe 25 Desemba walikuwa kwenye mwinuko wa futi 9,500, karibu mita 2,900, na mbele yao maili 249. Walikula vizuri siku hiyo kuliko siku nyingi. Kisha wakaamua mambo mawili: kutupa kila kitu kisicho cha lazima kabisa, na kuifanya posho ya wiki moja iliwe kwa siku kumi.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndio moyo wa kisa. Kwenye karatasi unapendeza: siku 33 zinageuka 47, na kasi inayohitajika inashuka kutoka 30 hadi 21. Lakini 21 bado ni zaidi ya mara mbili ya kasi yao halisi. Na siku hizo 14 za nyongeza hazikutoka mbinguni, zilitolewa kwenye miili ileile iliyotakiwa kuongeza kasi. Mtu anayevuta sleji kwenye baridi kali anaweza kuchoma kalori zaidi ya 6,000 kwa siku, na hata posho kamili ya aunsi 34 ilikuwa haifiki hapo. Sasa wakala asilimia 70 yake.

Hiki ndicho kitendo cha kukitafuta katika lengo lolote linaloyumba: daftari linasema hapana, na badala ya kulisoma, mtu anabadilisha kipimo ili lisiseme tena hapana. Anayejiandaa kwa mtihani anapunguza usingizi kutoka saa saba hadi tano, ratiba inakubali tena. Mwenye biashara anaacha kujilipa mshahara, hesabu zinafunga tena. Kila mara ratiba "inaokolewa" kwa kukata kitu kilichokuwa kinazalisha kasi. Ukiona marekebisho ya namna hii yamefanyika mara mbili, maji yamezidi unga.

Kuna njia ya pili ya kuihakiki Krismasi, isiyogusa chakula kabisa. Tarehe 1 Machi ilikuwa imewekwa kuwa mwisho wa meli yao, Nimrod, kuwasubiri. Kwa kasi ya maili 9, maili 249 zingewachukua siku kama 28: wafike Nchani tarehe 22 Januari. Kutoka hapo hadi Hut Point, mahali pa kukutana na meli, ni maili 729. Zingebaki siku 38, yaani maili 19 kila siku kwa watu ambao hawajawahi kuufikia wastani huo hata walipokuwa wameshiba na wana farasi. Tarakimu zote hizi walikuwa nazo hemani. Hakuna hata moja iliyohitaji busara ya baada ya tukio.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kikosi kilikuwa na sura ya lengo lenye ncha moja, kufika, ilhali lengo halisi lilikuwa kufika na kurudi. Ukihesabu maili 249, moyo unasema "karibu". Ukihesabu 996, hausemi hivyo.

4 hadi 9 Januari: bao la kufutia machozi

Tarehe 4 Januari Marshall alipima joto la miili. Kwa watatu kati ya wanne lilikuwa chini ya 94 °F, karibu 34.4 °C, chini ya pale kipimajoto chake kilipoanza kusoma. Siku hiyo ndipo Shackleton alipokubali kwamba Ncha haifikiki. Kwa hiyo uamuzi wa kuacha ni wa tarehe 4, na tarehe 9 ni utekelezaji tu.

Kwa nini siku tano katikati? Kwa sababu lengo kubwa lilipokufa, likazaliwa dogo: kufika ndani ya maili 100 kutoka Nchani. Namba 100 haikuwa na maana yoyote ya kisayansi. Ilikuwa namba ya mviringo, nzuri kutajwa. Ili kuifikia walifanya jambo la hatari kuliko yote ya safari: waliacha sehemu ya chakula chao juu ya uwanda tambarare usio na alama, wakitegemea kukipata tena kwa kufuata nyayo zao wenyewe. Tarehe 7 na 8 dhoruba iliwafungia hemani, wakala bila kusogea. Dhoruba ileile ingeweza kuzifuta nyayo.

Lengo la kufutia machozi halina ubaya kwa asili yake. Linampa mtu mahali pa kuegemea anapoachilia kubwa, na huenda bila hilo Shackleton asingegeuka hata tarehe 9. Alikuwa na madeni ya safari, alikuwa na mashindano na Scott, na alikuwa amewaahidi wafadhili mambo makubwa. Kosa lake ni kulipokea bila kulifungulia daftari lake. Lengo dogo lililipwa kwa akiba ileile ya usalama iliyobaki baada ya lengo kubwa kushindwa, na hakuna aliyeuliza imebaki kiasi gani. Swali lilikuwa rahisi: siku tano hizi za kwenda, pamoja na siku za kurudia umbali huohuo, tunazitoa kwenye posho ya nani?

Bili ya kurudi

Kutoka 9 Januari hadi 28 Februari, Shackleton na Wild walipofika Hut Point, ni siku 50 kwa maili 632, wastani wa 12.6. Walikwenda haraka kuliko walivyokuja, na sababu yake si ushupavu pekee. Upepo wa uwandani ulivuma kutoka kusini, wakatweka tanga kwenye sleji. Ziko siku walizopita kilomita 40 na ushei. Upepo huo haukuwa kwenye mpango.

Hata hivyo chakula kiliwaishia kabisa kwenye mto wa barafu mwishoni mwa Januari kabla ya kufikia akiba iliyofuata. Nyama ya farasi waliyoifukua ikawaletea kuhara damu. Akiba waliyoifikia tarehe 23 Februari iliwekwa na kikosi kingine, cha Ernest Joyce, baada ya wao kuondoka, na maisha yao yalikuwa yamefungwa kwenye imani kwamba iko. Marshall akazidiwa, akaachwa hemani na Adams huku wawili wakikimbilia pwani. Hut Point wakakuta barua: meli ingekuwa karibu hapo hadi tarehe 26 Februari. Siku hiyo ilikuwa 28. Meli ilionekana asubuhi ya tarehe 1 Machi, na Shackleton, bila kupumzika, akarudi barafuni kuwachukua Marshall na Adams.

Sasa ongeza maili 97 zilizobaki. Siku 11 za kwenda, siku 8 za kurudi kwa kasi ile nzuri ya tanga: Hut Point karibu tarehe 19 Machi. Chakula hakipo, meli haipo. Kwa upande wa pili, ondoa siku tano za lengo dogo na zile za kuzirudia, utaona wangefika pwani kabla ya Februari kwisha, na pengine Marshall akiwa bado anatembea. Tofauti ya vitabu vya historia ingekuwa nini? Rekodi ingesomeka 87° na dakika kadhaa badala ya 88°23'. Bado ingekuwa mamia ya maili mbele ya ile ya 1902.

Daftari la mtu mwingine

Wanaotaka kutumia kisa hiki kwenye lengo lao wanahitaji tarakimu tatu, na si zaidi. Kilichobaki, ukijumlisha na gharama ya kutoka, iwe ni kulipa madeni, kupona mwili au kukabidhi kazi. Kasi halisi, yaani wastani wa tangu mwanzo. Ukipenda wa wiki nne za karibuni, lakini kamwe usiwe wa siku bora. Na akiba iliyobaki ya kitu kinachokwisha kwanza, ambacho mara nyingi si fedha bali muda au afya. Zijaze kila wiki, siku ileile. Mara moja kwa mwezi ni mbali mno: Shackleton angekuwa na mistari mitatu tu hadi Januari.

Mstari wa kusimamia uandikwe siku ya kwanza, ukiwa umeshiba na umelala, kwa sentensi yenye tarehe na namba: "Ikifika tarehe fulani na kasi inayohitajika imezidi mara mbili ya kasi halisi, tunasimama." Kwa kikosi hiki mstari wa "mara mbili" ungekatwa mwishoni mwa Novemba. Apewe mtu mwingine kuushika, asiye na sifa ya kuvuna kwenye lengo. Marshall na kipimajoto chake alifaa kabisa, lakini alipima kwa kuandika tu; hakuna namba iliyompa haki ya kusema basi.

Ukikata mstari, usiulize "naacha au naendelea?" peke yake. Uliza kwanza kilichoshindwa ni lengo au ni chombo. Siku 91 hazikuwa ndoto. Miaka mitatu baadaye Mnorwe Roald Amundsen na wenzake wanne walikwenda Nchani na kurudi kwa siku 99, wakiwa na mbwa 52 mwanzoni na 11 mwishoni, juu ya skii. Umbali wao ulikuwa mfupi kidogo. Lengo la Shackleton halikuwezekana kwa farasi wanne na kuvuta kwa mikono.

Na Amundsen naye aligeuka. Aliondoka mapema mno, tarehe 8 Septemba 1911, akakutana na baridi ya chini ya nyuzi 50 hasi. Akafika kwenye akiba ya latitudo 80, akashusha mizigo, akarudi kambini, akasubiri hadi Oktoba. Mapema Desemba kikosi chake kilipita 88°23'. Walisimama pale, wakapandisha bendera kwa heshima ya wale wanne, kisha mbele kidogo wakaacha akiba yao ya mwisho ya chakula, ya kurudia.